Glavu za Camo kwa Njiwa wa Summer: Dunga ama Lenga?

Sikia msee. Kama uko majuu England, pande za Lincolnshire ama Norfolk, na kuna farmer amekubali uingie shamba yake na shotgun, swali ya glavu itakupata mapema. Utaingia duka ya vitu za hunting ukute ukuta mzima. Glavu za majani. Glavu za matete. Glavu za mabua ya ngano. Jamaa wa counter atakucheki na ile sura ya "chukua hii, ama njiwa wakuone ukiwa bado kwa gari." Na bei? Manze. Kuna pair inaitisha doo ya ndula mpya.

Wacha nikupe jibu kabla utoe kadi. Dunga glavu. Lakini nyepesi, za bei ya chini, na kidole cha kufyatua kikiwa nje. Hizo zingine zote ni luku ya kupiga picha. Na njiwa hasomi label.

Unacheza na nani

Huyu si njiwa wa tao mwenye anaokota chapo kwa pavement. Huyu ni woodpigeon. Kifua kubwa, karibu nusu kilo, doa nyeupe kando ya shingo, mstari mweupe kwa bawa. Anamanga kila kitu farmer amepanda: rape, shayiri, ngano. Na minji! Summer mbogi yake ikitua kwa minji, hiyo ni hasara live. Ndio maana England unaruhusiwa kumpiga chini ya leseni ya jumla inaitwa GL42, ya kuzuia hasara kubwa kwa mimea. Si ati umeamka ukaskia kupiga kitu. Na shotgun yenyewe inataka cheti kutoka kwa karao. Soma hizo masharti kwanza, glavu ikuje baadaye.

Sasa, macho yake. Noma sana. Yako kando ya kichwa, so anacheki mbele, kando, na karibu nyuma yote bila kugeuza shingo. Na njiwa huona ultraviolet, mwanga wenye mimi na wewe hatuoni hata tukazane aje. So ile camo ya bei, ukiifua na sabuni ya unga yenye dawa ya kung'arisha nguo, umejiwashia taa mwenyewe. Fua na sabuni isiyo na hiyo dawa, ama fua na maji tu. Njiwa hasomi label, lakini mng'aro anausoma akiwa mbali.

Mikono ndio huchoma picha

Cheki venye hii kitu huenda. Unasimamisha neti kwa hedge, unaingia ndani, unakalia ndoo. Huko mbele kwa shamba umepanga njiwa feki, umbo la kiatu cha farasi, wengi wakiangalia upepo unakotoka, na katikati umeacha nafasi. Wasee wenye wako na doo wanaongeza ile mashine ya battery inazungusha njiwa wawili hewani. Njiwa wa ukweli anapita, anaona wenzake wanamanga, anaskia njaa, anashuka kwa ile nafasi. Umbali wa mita ishirini na kitu. Hapo ndio unasimama.

Shida ni hizo sekunde kabla usimame. Yeye yuko juu, anaangalia chini ndani ya maficho yako. Anaona nini? Kwanza uso. Uso ni kubwa, na ukiinua juu kumtafuta, umejitangaza. Pili mikono. Inaenda kwa chupa ya maji. Inaenda kwa simu. Inakuna shingo. Inainua bunduki mapema juu umepaniki. Njiwa anapiga kona, anaishia, na mbogi yote nyuma yake inapiga hiyo kona pia.

Weka hii kwa kichwa: glavu hubadilisha rangi ya mkono, haibadilishi venye mkono unasonga. Ukidunga glavu ya bei ya ndege na bado unacheza na simu, ni rangi tu umebadilisha. So order ni hii. Neti nzuri kwanza. Kofia yenye mdomo, pili. Kukaa ngumu, tatu. Glavu inaingia namba nne.

Na kuna kitu hawa wasee wa magazeti za hunting hawakuambii. Hiyo advice ya "ficha mikono" iliandikwa na wazungu, juu ya mikono ya wazungu. Mkono mweupe kwa jua la July unawaka. Mkono wako na wangu, kwa kivuli cha hedge, unaingiana na giza ya ndani bila kulipia kitu. Hiyo ni camo ya kuzaliwa nayo, flex nayo. Lakini usijisahau: kiganja bado iko light, jasho inang'aa, na ile saa ya silver na pete viko hapo vinapiga signal. Toa saa. Toa pete. Hiyo ni bure kabisa, na inafanya kazi kuliko nusu ya zile vitu ziko kwa ukuta wa duka.

Ni July, buda

Sasa wazee. Kila shamba iko na mzee wa flat cap na koti ya tweed imeota nyasi kwa mfuko. Atakuambia mwanaume wa ukweli hadungi glavu. Wa pili atakuambia ukikosa glavu rudi nyumbani. Wote wawili wanabishana tangu kabla uzaliwe, na wote wamevaa soksi za sufu mwezi wa saba. Waache.

Hao wazee wakianza story, watakutajia Archie Coats, jamaa wa Hampshire mwenye alipiga njiwa 550 siku moja mwaka wa 1962. Respect, huyo alikuwa moto. Lakini siku hiyo ilikuwa January, buda. January! Baridi ya kukata masikio. Glavu ya baridi ina kazi mbili, kuficha mkono na kuupasha joto. Wewe uko July. Na hii July ya England imebadilika: tarehe 19 July 2022, Coningsby, hapo hapo Lincolnshire, ilifika nyuzi 40.3, rekodi ya Uingereza. Ebu jaribu kukaa ndani ya neti siku kama hiyo na glavu nene ya neoprene. Dakika chache tu mkono unaoga. Vidole vinateleza kwa safety. Risasi inakuponyoka ukijaza. Na kidole kinene ndani ya kile kinafasi cha trigger ni ngori ya ukweli, si ya kuchekea. Hapo glavu imekuwa hatari, iite tu venye iko.

So zile nene, lenga. Lenga kabisa. Weka za January.

Glavu nyepesi inalipa venye hudhani

Hapa ndio story inakuwa tamu, juu sababu za maana za kudunga glavu summer si hata njiwa.

Moja, thabai. Hedge za England zimejaa thabai na miiba ya blackberry, na ndani yake ndio unaenda kusimamisha neti. Mkono wazi utajuta. Mbili, nzi wa farasi. Hao hawabembelezi, wanauma mpaka ngozi inafura. Tatu, kupe. Wako kwa nyasi ndefu na wanabeba Lyme, ugonjwa wa kukusumbua miezi. Glavu yenye inashika kwa mkono wa shati inaziba hiyo njia. Nne, bunduki yenyewe. Njiwa wakikuja mfululizo, mtutu unawaka mpaka hushiki. Ukiwa na kitambaa mkononi unaendelea na wera. Na jasho lina chumvi, chumvi inakula chuma. Kitambaa kinasave shotgun yako na kutu.

Unaona? Njiwa ni sababu moja tu, tena ya kando. Glavu inalinda mkono, na mkono wenye hauumi wala hauwashi unakaa chini umetulia. Mkono umetulia, njiwa anashuka. Hiyo ndio hesabu yote ya hii kitu.

Nunua hivi

Tafuta ile ya wavu, inapitisha hewa, kiganja iko na vidoti vya rubber vya kushikilia. Rangi ya kijani imefifia ama kahawia. Uko kwa mabua August? Chukua ya njano chafu. Pattern ya majani ya oak yenye imechorwa mpaka na mishipa, hiyo ni ya kuonyesha mabeshte, juu kutoka mita hamsini hewani hiyo detail haionekani. Saizi ikubane kidogo. Ikilegea inaingia kwa trigger, na tushabonga hiyo.

Kata kidole cha shahada cha mkono wa kufyatua, kwa kiungo cha pili. Kata na gumba kama safety yako ni ngumu. Ukiogopa kukata glavu juu ilikuwa bei, hiyo ndio ishara ulilipa sana. Na jipimie home, bunduki ikiwa tupu: inua, shusha, funga safety, fungua. Kama unahangaika kwa keja, kwa shamba utahangaika mara mbili.

Na kitu ya mwisho kuhusu luku. Ukikuja home Disemba, acha camo yote huko. Kenya hunting ilipigwa marufuku 1977, na sheria haitaki raia avae nguo ya jeshi ama yenye inafanana nayo. Kudunga camo tao ukitafuta likes ni kuitana na karao. Si drip hiyo.

So ganji yenye umesave, peleka kwa risasi, juu hizo ndio huisha. Ukimaliza siku, okota maganda yote, hakuna kuacha takataka kwa shamba ya mtu. Chagua njiwa wachache wenye vifua safi, safisha, peleka mpaka kwa mlango wa farmer. Hatauliza ulidunga glavu gani. Atauliza kama uko free wiki ijayo, juu wamehamia kwa shayiri.