Unataka mashine ya presha ya kuoshea boti? Usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi

Maji yametoka, mashua imekaa mchangani, na mwenyewe ana saa chache tu za kusafisha chini yake kabla maji hayajarudi. Anakodi mashine kwa vijana wanaoosha magari, anaifungulia mpaka mwisho, uchafu unaruka kama vumbi. Kazi safi. Jioni mashua inaelea, na maji yanaanza kuingia kwenye maungio ya mbao. Presha imeng'oa kalafati.

Hiyo ndiyo hatari ambayo muuzaji dukani hakwambii. Wanunuzi wengi wa mashine hizi huuliza swali moja tu: "Ina bar ngapi?" Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: boti yako imetengenezwa kwa kitu gani?

Kwa nini usafi wa chini ni hela

Chombo kikikaa baharini, kwanza kinapata utelezi, kisha mwani, halafu vidudu vyenye magamba magumu kama chokaa vinavyong'ang'ania kabisa. Boti inakuwa nzito kukata maji. Injini inakunywa mafuta mengi zaidi kwa safari ileile. Kwa mvuvi au mbeba watalii, hiyo ni hela inayopotea kila siku.

Ziwani mambo ni nafuu. Kwenye maji yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Victoria, vidudu vile vya magamba havipo. Kazi kubwa ni utelezi na majani tu, kwa hiyo mtu wa Mwanza hana haja ya mashine nzito kama anayoitafuta mtu wa Tanga au Mombasa.

Anza na boti yako

Mbao: Mashua, ngalawa na majahazi ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko vyote. Maungio ya mbao huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na maji ya presha yakipigwa moja kwa moja kwenye ufa huingia nyuma ya pamba na kuisukuma nje. Brashi na kikwaruzo bado ni njia salama zaidi. Ukilazimika kutumia mashine, ishushe hadi bar 60 au 80, ufuate urefu wa mbao, na usielekeze maji kwenye maungio.

Fiba: Boti hizi zinazidi kuwa nyingi, na Tanzania miaka ya karibuni serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi. Nje zina tabaka gumu linalong'aa, ambalo mafundi huliita jelikoti. Hilo ndilo linalozuia maji yasipenye kwenye nyuzi za ndani. Mashine ya bar 100 hadi 140 inatosha kabisa. Ukizidisha, au ukisogeza maji karibu mno, unaweza kubandua tabaka hilo mahali palipokuwa na ufa mdogo tu, na kuziba tena ni kazi ya fundi na gharama.

Chuma na alumini: Bodi yenyewe inavumilia presha kubwa, hata bar 150 na kuendelea. Kinachoumia ni rangi. Ikibanduka kwenye chuma, kutu haichelewi.

Namba mbili, siyo moja

Kwenye boksi kuna bar, yaani nguvu ya msukumo. Wakati mwingine huandikwa PSI: bar 1 ni takriban PSI 14.5, kwa hiyo mashine ya PSI 2,000 ina kama bar 138. Angalia vizuri, maana namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni presha ya juu kabisa. Presha ya kufanyia kazi huwa chini ya hapo.

Namba ya pili ni lita kwa dakika, na hiyo wengi wanairuka. Presha inang'oa uchafu, lakini wingi wa maji ndio unaoupeleka mbali. Mashine mbili zenye bar 130 hazilingani kama moja inatoa lita 6 kwa dakika na nyingine lita 10. Ya pili itamaliza boti mapema, na kwa mtu anayekimbizana na maji kujaa, hilo lina maana. Maji huchukua takriban saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, kisha yanaanza kurudi. Hayakusubiri.

Rangi ndogo zenye maana kubwa

Mashine nyingi huja na vichwa vidogo vya kubadilisha, yaani nozeli. Watengenezaji wengi hutumia rangi zilezile:

- Nyekundu: maji yanatoka kama sindano, nyuzi 0. Usiitumie kwenye boti.
- Njano: nyuzi 15. Bado ni kali, iache kwa chuma.
- Kijani: nyuzi 25. Inafaa fiba yenye uchafu mgumu.
- Nyeupe: nyuzi 40. Salama zaidi kwa fiba, na ndiyo pekee ya kufikiria kwa mbao.
- Nyeusi: ya sabuni, presha ndogo.

Anza mbali, kama sentimita 50, kisha usogee taratibu. Usivuke sentimita 30. Piga maji kwa mshazari na usikae sehemu moja. Ile nozeli inayozunguka, ambayo wauzaji huisifia sana, ni ile nyuzi 0 iliyowekwa kwenye mzunguko. Kwa mbao na fiba, iache kwenye boksi.

Na usitegemee presha peke yake kwa vile vidudu vya magamba. Vikwangue kwanza kwa kikwaruzo cha plastiki au mbao vikiwa bado vibichi, mara tu boti inapotoka majini. Vikikauka ndipo vinapokuwa vigumu, na ndipo watu wanapoongeza presha mpaka wanaharibu.

Umeme au petroli?

Mashine ya umeme ni nyepesi, haina kelele nyingi na bei yake huwa ya chini. Tatizo ni kwamba ufukweni hakuna soketi. Kama una jenereta, usiilinganishe na mashine wati kwa wati: mota inapowaka huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa, kwa hiyo mashine ya wati 2,000 inataka jenereta kubwa zaidi ya hapo. Waya wa ekstensheni wenye maungio kwenye mchanga uliolowa ni kifo kinachosubiri.

Ukinunua mtumba, soma kibandiko nyuma. Mashine iliyotoka Japani hutumia volti 100, ya Marekani volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wa volti 230 wa huku, itaungua.

Mashine ya petroli inakwenda popote na kawaida hutoa maji mengi zaidi. Ni nzito, inapiga kelele na inahitaji kubadilishiwa oili. Usiiwashe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake unaua bila mtu kushtuka.

Maji yatatoka wapi?

Hapa ndipo mipango mingi inapokwama. Maji ya bahari yapo pale pale, bure, lakini chumvi hula pampu na mchanga hukwaruza sili zake. Mashine za kawaida hazikutengenezwa kwa maji ya chumvi.

Piga hesabu ya maji baridi. Mashine ya lita 8 kwa dakika, ukiwa umebana kifyatulio muda wote, inamaliza lita 480 kwa saa. Tenki la lita 1,000 litakupa kama saa mbili. Ya lita 12 italimaliza tenki hilo kwa dakika 83. Muulize muuzaji kama pampu inaweza kuvuta maji yenyewe kutoka kwenye tenki, maana nyingine zinataka maji ya bomba yenye msukumo. Pampu ikizunguka bila maji, huharibika haraka.

Kabla ya kulipa, angalia pia kichwa cha pampu. Cha shaba ya njano kinadumu kuliko cha alumini, hasa kwenye hewa ya chumvi. Uliza kama sili na nozeli za akiba zinapatikana mjini. Mashine ya bei poa isiyo na spea ni chuma chakavu tu.

Usichezee maji hayo

Maji ya presha yanaweza kupenya ngozi. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, lakini ndani yanakuwa yamesambaa. Akipigwa mtu, apelekwe hospitali hapohapo, asisubiri uvimbe. Vaa miwani, buti na glavu, na usimwelekezee mtu hata kwa utani.

Kumbuka pia rangi ya chini ya boti. Ile inayozuia viumbe kuganda mara nyingi ina shaba yenye sumu. Zamani zilikuwepo zenye madini ya bati yaliyo hatari zaidi, ambayo mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008 ulizipiga marufuku. Maji yenye mabaki ya rangi yasielekezwe panapoparuliwa samaki wala watoto wanapocheza. Na rangi laini ikipigwa presha kubwa huondoka yote, ukabaki na kazi ya kupaka upya.

Ununue au ukodi?

Kwa boti moja inayooshwa mara moja kwa mwezi, kukodi kunatosha, ilimradi uende na nozeli yako nyeupe na usimamie presha mwenyewe. Kwa wenye boti kadhaa, au kikundi cha BMU, kununua moja ya kuchangia kuna akili zaidi: fiba nyingi zinaridhika na bar 130, lita 9 au 10 kwa dakika, na pampu ya shaba.

Mwenye mashua ya mbao hela hiyo anaweza kuipeleka kwingine. Brashi ngumu, kikwaruzo cha mbao na fundi mzuri wa kalafati vitamfikisha mbali kuliko bar 200.