Pembe Ambayo Hakuna Aliyeichora

Katika kijiji cha Fläsch, mashariki mwa Uswisi, kuna kiwanda cha mvinyo cha Gantenbein. Ukizitazama kuta zake kwa mbali, unaona zabibu kubwa mno zilizojazana kapuni. Ukisogea karibu, zabibu zinatoweka na unabaki na matofali matupu. Hakuna rangi iliyopakwa. Kila tofali limegeuzwa kidogo kwa pembe yake, jua linalipiga moja kwa ukali na jingine kwa unyonge, na macho ya mtazamaji yanakamilisha picha. Matofali hayo ni kama 20,000, katika vipande 72 vya ukuta. Yalipangwa mwaka 2006 na mkono wa roboti katika chuo kikuu cha ETH jijini Zurich, kwa usanifu wa Fabio Gramazio na Matthias Kohler, kisha vipande vikapakiwa kwenye malori hadi kijijini.

Picha za kuta hizo zimezunguka dunia nzima. Kisichosemwa sana ni kwamba roboti haikupewa picha ya zabibu. Ilipewa namba: weka hapa, geuza hivi, kisha weka pale, geuza vile.

Hilo la kugeuza ndilo linalowakosesha usingizi mafundi wa roboti, wale wanaopokea faili kutoka ofisi ya usanifu na kuliingiza kwenye kidhibiti cha mashine. Fundi wa kazi hii akifungua faili, kwanza anahesabu safu. Akikuta tatu tu, yaani X, Y na Z, anajua kwamba kazi yenyewe haijaanza. Namba tatu zinasema ncha ya zana ifike wapi. Hazisemi ifike ikiwa imeelekea wapi. Ukimwagiza mtu aweke mkono mezani, bado hujamwambia kama kiganja kiangalie juu au chini. Yeye ataamua mwenyewe, lakini roboti haiamui. Mchoraji alichora mstari kwenye kompyuta, programu ikaukatakata kuwa nukta mia tano, na katika nukta zote hizo hakuna pembe hata moja. Fundi ndiye anayebaki na nukta hizo mkononi.

Basi tuseme pembe zimeletwa. Ni za mtengenezaji yupi wa roboti?

Chukua jambo jepesi kuliko yote: zana inayotazama chini wima, kuelekea meza. Kwenye kidhibiti cha KUKA pembe huandikwa A, B, C, na A ni mzunguko wa mhimili wa Z, B wa Y, C wa X. Kutazama chini kunaweza kuandikwa 0, 0, 180. FANUC nao wana pembe tatu, W, P, R, lakini wao huanza na X na kumalizia na Z, kwa hiyo mkao uleule unakuwa 180, 0, 0. ABB hawaandiki digrii kabisa. Wanatumia namba nne, na mkao huo kwao ni 0, 1, 0, 0. Sasa mtu anakili safu za KUKA kama zilivyo na kuzipachika kwenye FANUC. Faili linaingia bila kulalamika. Namba ni halali, idadi ni sahihi, milimita ni milimita. Ila 180 imeangukia kwenye mzunguko wa Z, na zana iliyotakiwa kutazama meza sasa inaagizwa itazame dari.

Ndiyo maana fundi mzoefu haachii mashine iende kwa kasi kamili mara ya kwanza. Anaipeleka taratibu, kidole kikiwa tayari kusimamisha, juu ya meza isiyo na kitu.

Kuna mitego midogo pia. Lahajedwali iliyotengenezwa Ujerumani huandika kumi na mbili na nusu kwa mkato, 12,5, na programu inayotenganisha safu kwa mkato inaipasua namba hiyo vipande viwili. Nukta zikisongamana mno mashine hudundadunda badala ya kuteleza, kwa sababu kidhibiti husoma mbele hatua chache tu. Kwa KUKA kawaida ni tatu, na mwisho ni tano.

Jambo zito zaidi limejificha katika historia. Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, ilipoanza kazi kwenye karakana ya General Motors jimboni New Jersey mwaka 1961, ilifundishwa kwa kupelekwa hadi kila nukta na kuwekewa kumbukumbu. Roboti iliyofundishwa hivyo haina haja ya kujua iko wapi duniani. Inatakiwa tu kurudi ilipopelekwa, na hilo roboti za leo hulifanya kwa tofauti ndogo kuliko unene wa unywele. Nukta iliyotoka kwenye faili ni habari nyingine. Mkono haujawahi kufika pale. Unaamini urefu wa mifupa yake kama ulivyoandikwa kiwandani, unaamini meza iko pale fundi alipoipima, na hapo kosa la milimita nzima si ajabu.

Halafu kuna kifundo cha mkono wa roboti, pale ilipo mihimili yake mitatu ya mwisho. Mhimili wa tano ukikaribia sifuri, wa nne na wa sita hujipanga katika mstari mmoja, na ili ncha isipoteze mwendo, mihimili hiyo miwili inaweza kutakiwa kuzunguka kwa kasi isiyowezekana. Kidhibiti kinakataa na kazi inasimama katikati ya njia. Kama zana ni bomba la gundi lenye ncha ya duara, lililofungwa kwa mshazari kwenye kifundo, fundi ana upenyo: anaizungusha digrii ishirini kwenye mhimili wake wenyewe, kifundo kinaweza kutoka kwenye balaa, na utepe wa gundi haubadiliki hata chembe.

Kule Fläsch upenyo huo haukuwepo. Mzunguko uleule ambao kwenye gundi ni bure, kwenye tofali ndio zabibu yenyewe. Ukiugusa umefuta picha, na umebadilisha namna tofali linavyolilalia la chini yake, mahali ambapo gundi ya kuyaunganisha inatakiwa kushika.

Katika faili, namba ya mzunguko wa bomba la gundi na ya mzunguko wa tofali zinafanana kabisa. Hakuna safu inayomwambia fundi ipi anaruhusiwa kuigusa na ipi ni mwiko. Anaweza kumpigia simu msanifu, kama msanifu anapatikana na kama anajua kwamba kuna swali la kujibu. Mara nyingi msanifu hajui, kwa sababu kwenye skrini yake nukta ni nukta tu, na programu aliyoitumia haikumwuliza. Je, inapaswa kumwuliza? Na zamu ikiwa inasubiri, nani atasaini kwamba digrii ishirini zile hazikuharibu kitu?