Maganda ya Risasi na Pipa la Maji

Brasi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ganda la risasi, yaani kikopo cha njano kinachobaki baada ya baruti kuungua na kombora kutoka, kwa kawaida huwa na shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30 katika kila mia. Koki na makufuli makuukuu yanayowekwa kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu huko Matayos na Malaba, Kaunti ya Busia, ni ya ukoo huohuo wa metali, lakini ganda lililokwisha kufyatuliwa hubeba ndani yake masizi ambayo koki haina. Kiswahili kinaitaja hatari yenyewe bila kificho, kwa kuwa risasi ni jina la kombora na pia ni jina la metali nzito ya kijivu inayodhuru ubongo wa mtoto. Viwashio vingi, yaani vile vijikombe vilivyo kitakoni mwa ganda ambavyo hulipuka vinapogongwa, vina kampaundi za metali hiyo, nazo huacha vumbi laini.

Njia kavu ya kuyasafisha maganda hayo hutumia magunzi ya mahindi, yaleyale yanayoishia jikoni katika nyumba nyingi za Busia, yakiwa yamesagwa kuwa chembe na kutikiswa pamoja na maganda hadi yang'ae. Kazi hiyo hufanyika vizuri, ila kila mfuniko unapofunguliwa vumbi hupanda puani, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua maji.

Pipa la maji hulala ubavu juu ya roda mbili zinazozungushwa na mota ndogo, mfano wa mashine ya kuchanganyia zege iliyopunguzwa. Ndani limevikwa mpira ili maganda yasibonyee, na hutiwa maji, tone la sabuni ya vyombo, unga kidogo wa asidi ya limau, pamoja na sindano fupi za chuma kisichoshika kutu, zenye unene wa milimita 1 na ushei. Sindano hizo huingia hadi kwenye tundu la kiwashio, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Mwendo ndio siri ya kazi: pipa likienda mbio mno vitu vyote hugandamana ukutani, likienda polepole mno huteleza tu, lakini kati ya hali hizo mbili mzigo hupanda na kuporomoka, ukijisugua wenyewe kwa saa mbili au tatu. Risasi ambayo bado ina kombora haiingii humo kamwe. Haiguswi, polisi huarifiwa.

Asidi ikizidi, brasi hugeuka rangi ya waridi, dalili kwamba zinki imeliwa na shaba imebaki peke yake. Amonia ni mbaya zaidi. Jeshi la Uingereza nchini India liliwahi kukuta maganda yaliyohifadhiwa karibu na farasi yamepasuka msimu wa mvua, na chanzo kikaja kubainika kuwa ni amonia ya mkojo wa wanyama hao, iliyoishambulia brasi iliyokuwa bado na mkazo wa kiwandani. Kwa hiyo mng'ao si ushahidi wa uzima: ganda lililotakata huzungushwa mbele ya mwanga, na lenye ufa mwembamba shingoni hutupwa.

Yanabaki maji machafu, meusi kama ya sufuria iliyopikiwa kwa kuni, ambayo sasa ndiyo yaliyobeba sumu yote. Huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako sumu ya risasi ilitokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uchafu wa pipa moja ni mdogo sana ukilinganishwa na huo, lakini huku Busia Mto Sio humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria na Mto Malaba huelekea Ziwa Kyoga, na kandokando ya mito yote miwili watu huchota, hufua na kunywesha ng'ombe. Mashapo ya pipa huachwa yatuame ndooni, yakakaushwa bila kupeperushwa na kufungwa katika chombo kisichovuja, mbali na mtaro na mbali na watoto.