Mbona Raspberry Pi Inakwaruza Ikiimba?

Wapwa zangu, sogeeni. Leo tuna kompyuta ndogo, ukubwa wake kama kadi ya benki. Inaitwa Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa Uingereza mwezi wa Februari 2012, na walioibuni walitaka watoto kama ninyi wajifunze kuandika programu. Inaingia intaneti. Inaonyesha video. Lakini chomeka visikilizio kwenye tundu lake la sauti, kisha weka wimbo wa taratibu. Nyuma ya wimbo utasikia shhhh.

"Mjomba, mbona inakwaruza?"

Swali zuri hilo! Wengi wakisikia shhhh huongeza sauti, basi. Wewe umeuliza. Hebu tuiulize pini inayotoa sauti.

"Mimi najua mambo mawili tu," inasema pini. "Kuwaka na kuzima. Kuwaka na kuzima. Katikati sikujui."

Masikini! Na muziki umejaa katikati. Sauti hupanda kidogo, hushuka kidogo, hupanda tena.

Umewahi kumwona bibi akipika uji kwa kuni? Moto ukizidi, anavuta ukuni. Ukipungua, anausukuma. Anavuta, anasukuma, na chungu kinapata joto la wastani. Pini nayo hufanya hivyo hivyo. Inawaka, inazima, mara nyingi mno kwa sekunde, na saketi ndogo pembeni inalainisha mambo ili sikio lisikie wastani. Uji unaiva, ndiyo. Ila moto wa namna hiyo hautulii sawasawa. Tena kwenye ubao huo huo prosesa na memori zinafanya kazi, nazo zinavuruga umeme. Shhhh yako inatoka humo.

"Kwa hiyo kila Raspberry Pi ina shhhh?"

Mwenye akili huyu! Nyingine hata tundu hazina. Zero ya mwaka 2015 haina. Pi 5 ya mwaka 2023 haina pia.

"Sasa tufanyeje, mjomba?"

Tunaipa mpishi mwenye jiko zuri. Ni chipu ndogo ambayo mafundi huiita DAC. Kazi yake ni kupokea namba na kuzigeuza kuwa umeme wa sauti. Namba gani? Wimbo wa CD ni namba tupu, mwanangu! Namba 44,100 kila sekunde kwa sikio la kushoto, na nyingine 44,100 kwa la kulia. Kila namba inataja kiwango kimoja kati ya 65,536. Pini yetu ilijua viwango viwili. Sasa jiko lina kitasa chenye vituo 65,536, na uji haukorofishwi tena.

Namba zinafikaje? Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Zinapita kwenye pini tatu kati ya pini 40 za kompyuta. Pini ya 12 inapiga mapigo: twende, twende, twende. Pini ya 35 inaelekeza: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Pini ya 40 inaleta namba zenyewe. Tatu tu, na wimbo mzima unapita.

Chipu moja maarufu ni PCM5102A. Huuzwa ikiwa imeshachomelewa kwenye kibao chake, na vibao vingine hukaa moja kwa moja juu ya pini hizo 40. Kabla ya kukivalisha, zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Kisha angalia kwa jicho: kila pini iingie tundu lake. Ukikosea safu moja, umeme unakwenda pasipo pake na kompyuta inaweza kuungua. Usiharakishe hapa, nakusihi.

Halafu washa kompyuta, fungua faili liitwalo config.txt, uongeze mstari huu:

dtoverlay=hifiberry-dac

Mstari huo unaiambia kompyuta kwamba mpishi amefika. Iwashe upya, nenda kwenye mipangilio ya sauti, uchague kibao kipya.

"Nikichomeka spika kubwa hapo hapo?"

La, hiyo haitalia vizuri. Umeme unaotoka kwenye DAC ni safi lakini ni mdogo. Kati ya DAC na spika inatakiwa amplifaya, yaani kikuza sauti. Wala usikimbilie kununua kubwa. Redio ya nyumbani yenye tundu la AUX ina amplifaya ndani yake, na inatosha kabisa. Omba ruhusa kwanza, maana huenda babu anasubiri taarifa ya habari.