Kila Kazi na Majira Yake

Mtu akipanda vilima vya Kisarawe kutoka Pugu, au akifuata njia ya Kibaha mpaka bonde la mto Ruvu, ataona mashamba ya mihogo, mikorosho, minazi, mananasi na mpunga. Mimea hiyo yote hukaa katika nchi moja, lakini haifanyi kazi yake kwa wakati mmoja. Mpunga husitawi mvua inyeshapo. Mkorosho hutoa maua mvua zikiisha kukoma. Kila mmea una wakati wa kutumia nguvu, na wakati wa kuziweka akiba. Katika somo hili tutaona kwamba ndivyo ilivyo kwa mwanadamu pia.

MAJIRA YA MWAKA

Jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: mapema katika mwezi wa Machi, na tena katika mwezi wa Oktoba. Lipitapo huipasha nchi moto, hewa ya moto hupanda juu, na upepo wenye unyevu wa bahari huja kushika mahali pake. Ndipo mvua zinyeshapo. Kwa sababu hiyo Kisarawe na Kibaha hupata mvua mara mbili. Masika, mvua kubwa, hunyesha tangu Machi hata Mei. Vuli, mvua ndogo, huja tangu Oktoba hata Desemba. Kati yake kuna kipupwe, tangu Juni hata Agosti, wakati wa baridi kidogo. Na kiangazi cha Januari na Februari, wakati wa joto kali.

Wazee wa pwani waliyajua hayo kabla ya kalenda za ukutani. Walihesabu mwaka wa siku 365 tangu Siku ya Mwaka, wakaugawanya katika mafungu ya siku kumi kumi, na kila fungu waliliita mwongo. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua siku za kutweka tanga, na mkulima alijua siku za kushika jembe.

Tuwafikiri wakulima wawili wa kijiji kimoja, wenye mashamba sawa na majembe sawa. Wa kwanza hufyeka na kulima mwezi wa Februari, tena hulima asubuhi na jioni tu kwa sababu ya jua. Mvua ya kwanza ikinyesha, shamba lake li tayari. Hupanda kesho yake. Wa pili hungoja mvua ndipo aanze kufyeka. Hapana shaka naye ana bidii, pengine kupita mwenzake, maana hutoka jasho mchana kutwa. Lakini amalizapo kupanda, magugu yamekwisha kutangulia. Na mahindi yake yaanzapo kubeba, mvua zakoma. Mwezi wa Julai mmoja huanika mahindi uani, na mwingine huenda kukopa. Kilichowatenga si bidii, ni wakati.

Lakini majira si kama saa ya ukutani. Mwaka 1961, na tena mwaka 1997, mvua za vuli zilizidi mno, mito ikafurika mahali pengi katika Afrika Mashariki. Miaka mingine vuli huwa haba. Ndiyo sababu mkulima wa huku hupanda mihogo pamoja na mahindi, kwa kuwa muhogo huvumilia ukame na hungoja ardhini mpaka utakapohitajiwa. Mwenye hekima huyafuata majira, naye huweka akiba kwa mwaka yatakapomdanganya.

MAJIRA YA SIKU

Siku nayo ina masika yake na kiangazi chake. Katika nchi yetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima; mchana mrefu kuliko yote haumzidi ulio mfupi kwa saa nzima. Kwa hiyo babu zetu waliweza kuhesabu saa tangu macheo, wakaita saa moja ile saa ya kwanza ya mchana. Si hivyo kila mahali. Mwaka 1963 nchi za kaskazini ya Ulaya, zikiwamo Norwei na Uswidi, zilisaidiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha elimu huko Kibaha, chenye shule, matibabu na mafunzo ya wakulima. Katika pande za kaskazini za nchi zile jua halichwi siku nyingi za kiangazi chao, na wakati wa baridi halionekani kwa majuma mengi. Sisi tumepewa saa iliyo rahisi kusomeka: jua lenyewe.

Je, mwili wa mtu una saa ndani yake? Tuanze kwa mimea. Mmejua kifauongo, ule mmea ukunjao majani ukiguswa. Hata usipoguswa, hukunja majani usiku na kuyafungua mchana, na mkwaju kadhalika. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques de Mairan, aliutia mmea wa namna hiyo gizani, usione jua kabisa. Nao uliendelea kufungua majani wakati wa mchana na kuyakunja usiku. Basi ilidhihirika kwamba mmea haukutegemea nuru peke yake. Miaka mingi baadaye wataalamu waliendelea kuchunguza jambo hili, hata mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, wakapewa tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo iendavyo katika chembe za mwili wa inzi wadogo wa matunda. Mwanadamu naye anayo.

Saa hiyo hufanya kazi gani? Karibu na mwisho wa usiku mwili hupoa kuliko wakati wote. Kisha hupata moto kidogo kidogo mpaka jioni. Baada ya adhuhuri watu wengi hushikwa na usingizi, hata yule ambaye hajala. Huo si uvivu. Ni saa ya mwili. Na nuru ya asubuhi ndiyo iirekebishayo, bali mwanga wa taa na wa simu usiku huichelewesha.

KAZI NA PUMZIKO

Usingizi wenyewe ni kazi. Mtoto alalapo usingizi mzito, mwili wake hutoa kwa wingi kichocheo cha kukuza mifupa na misuli, na akili huyapanga yale aliyojifunza mchana. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 hutaka saa 9 mpaka 12 za kulala. Mwanafunzi akeshaye usiku kucha kabla ya mtihani afanana na mkulima wa pili: bidii anayo, lakini amelima wakati wa kupanda.

Basi hesabu ngumu ifanywe akili ikiwa safi. Kuchota maji na kufagia kufanywe jua lisipokuwa kali. Saa ya usingizi wa mchana itumiwe kwa kazi nyepesi. Wazazi nao wakumbuke kwamba mtoto atumwaye kazi hata usiku wa manane hawezi kuvuna darasani.

Wazee husema, Ajizi nyumba ya njaa. Tena husema, Haraka haraka haina baraka. Maneno haya hayapingani. La kwanza lamwonya apumzikaye wakati wa kazi, na la pili lamwonya akataaye kungoja wakati.

MASWALI

1. Kwa nini Kisarawe na Kibaha hupata mvua mara mbili kwa mwaka?
2. Mwongo ni nini?
3. Mkulima wa pili alikuwa na bidii. Mbona alikopa?
4. De Mairan alionyesha nini kwa mmea wake?
5. Andika kazi zako za siku moja, kisha ueleze ni ipi ungeihamisha, na kwa sababu gani.