Kabla ya kulipia tangazo la wasanidi programu

Una huduma ya kuwauzia wasanidi, tuseme ya kutuma SMS au kupokea malipo ya simu, na fedha ulizonazo ni za mwezi mmoja. Matangazo ya kulipia yaache kwanza. Wasanidi wengi huzuia matangazo kwenye vivinjari vyao. Halafu bei unayoiona siyo utakayokatwa: ankara ikiwa ya dola, benki inachukua chake kwenye kubadilisha, na kuna VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania.

Hacker News, tovuti ya habari inayosomwa na wasanidi, ni bure, na ina sehemu iitwayo Show HN ya kuonyesha ulichotengeneza. Lakini kiwe kitu mtu anaweza kukijaribu. Ukurasa wa kujiandikisha peke yake hauruhusiwi, wala kuomba marafiki wakupigie kura. Na haidumu: kesho yake umeshasahaulika.

Kwa kudumu, Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi, inashinda. Ipo tangu 2008, na jibu zuri huendelea kusomwa miaka mingi. Mtu analalamika: mteja amekatwa hela lakini taarifa ya malipo haijafika kwenye seva. Mjibu kwa mistari michache ya msimbo unaofanya kazi, na ukitaja huduma yako, sema wazi kuwa ni yako. Gharama iliyojificha hapa ni saa za fundi wako, maana ofisa mauzo hawezi kujibu maswali ya namna hii. Hata usipoandika kitu, malalamiko hayo ni utafiti wa soko wa bure.

Kama wateja wako wako Nairobi au Dar, nenda kwenye mikutano ya GDG (vikundi vya wasanidi vya Google) na kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram. Omba ruhusa ya msimamizi kabla ya kubandika chochote. Ukiombwa udhamini, uliza mapema nani analipa ukumbi, soda na bando. Hapo ndipo bajeti huvuja.

Kufungua jukwaa lako la mazungumzo? Bado. Slack ya bure huficha ujumbe uliozidi siku 90, na ya kulipia hutoza kwa kila mtumiaji. Discord haifichi, ila ukumbi mtupu hufukuza watu popote ulipo.

Kwa mwezi huu, mlipe fundi wako ajibu maswali, na uende mkutano mmoja. Tangazo lisubiri mpaka upate wateja wanaolipa.