Fahamu: Kwa nini wavulana wa skuli za kimaskini huachwa nyuma katika kusoma

Ilidhihirika, katika mtihani wa kimataifa wa kusoma uitwao PIRLS, uliofanywa mwaka 2021, kwamba katika kila watoto 100 wa darasa la nne nchini Afrika Kusini, 81 hawakuweza kufahamu maana ya walichokisoma, hali mwaka 2016 walikuwa 78. Na wavulana, kama ilivyo karibu katika kila nchi, walitanguliwa na wasichana.

Asili ya wavulana kuachwa nyuma, kwa rai yangu, si tabia ya mvulana bali ufukara wa skuli yenyewe. Serikali ya huko huzigawa skuli katika mafungu 5 kwa kadiri ya umaskini wa mahali zilipo, na mafungu 3 ya chini hayatozi ada. Lakini nyingi katika hizo hazina maktaba, na darasani mtoto huitikia pamoja na wenziwe maneno yaliyoandikwa ubaoni, akayahifadhi kwa sikio, pasipo mwalimu kupata wasaa wa kumsikiliza peke yake. Hapo asiyejua kusoma husitirika miaka mizima. Kisha, afikapo darasa la nne, masomo kwa miaka mingi yamekuwa yakigeuzwa kutoka lugha za nyumbani kama Kizulu au Kixhosa kuwa Kiingereza, naye hajaweza kusoma barabara hata lugha ya mamaye.